Bi Pimbi na Kikapu cha Hakimu Kifaru

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika, wakifua na kushtakiana kama sisi, palikuwa na nchi ya mawe mengi iliyoitwa Majabali. Sogeeni karibu, wanangu, nisije nikapaza sauti bure.

Katika nchi hiyo aliishi Pimbi mmoja, mwanamke mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, na mwepesi zaidi wa kufikiri. Jina lake Sikudhani. Alikaa juu ya jabali pamoja na mumewe, Mrisho, na binti yao mchanga, Siwema.

Siku moja ya masika Mrisho alikuwa akirudi kutoka kuchuma majani. Mvua ikamkuta njiani. Na mvua yenyewe si ya mchezo. Shaaa! Akakimbilia shamba la mtama lililokuwa karibu, akajibanza chini ya dungu la kulindia ndege. Ilipokatika akatoka, huku akijikung'uta maji. Hajaenda mbali, mkono ukamdaka shingoni. Kwapu!

"Mwizi!" ilinguruma sauti. Alikuwa Ngiri, mpiga mbiu wa baraza la Hakimu. "Mtama umeliwa nusu shamba, na wewe ndiye huyu unatoka!"

"Nilijikinga mvua tu, bwana wangu."

"Na hili suke kwenye manyoya yako, nalo lilikuwa linajikinga mvua?"

Kweli, suke moja la mtama lilikuwa limenasa mgongoni mwake. Mrisho mwenyewe hakuwa na habari nalo.

"Nipeleke kwa Hakimu nikaeleze," alisema.

"Utaeleza. Zamu yako ikifika."

Wala Hakimu hakumwona. Alipelekwa moja kwa moja mahabusu.

Mahabusu ya Majabali ilikuwa pango, na mlangoni pake likisukumwa jiwe kubwa lililobakisha ufa mwembamba tu wa kupitisha bakuli. Waliokuwa humo hawakuwa wafungwa. Mfungwa amekwisha kuhukumiwa, anajua atatoka lini. Hawa walikuwa wakingoja kesi zao zisikilizwe, na walingoja weee! Mlinzi wao alikuwa Fisi, naye alipenda kuitwa Bwana Jela.

Adhabu ya kuiba mazao haikuwa kubwa. Mkosaji alifagia uwanja wa baraza mpaka mwezi mwingine uandame, kisha akaenda zake. Lakini ili ufagie, kwanza uhukumiwe. Na ili ungojee hukumu nyumbani kwako, ulihitaji dhamana. Na sheria ya dhamana ilisema hivi: mdhamini lazima awe na pembe.

Kwa nini pembe? Kwa sababu walioitunga sheria hiyo walikuwa nazo.

Hakimu mwenyewe alikuwa Kifaru. Macho yake hayakuona mbali, lakini pua yake ilijua kila mtu amekula nini. Siku za baraza alikaa asubuhi, akaanza na kesi za wakubwa, nazo zilikuwa ndefu. Jua likipanda, ngozi ilimuwasha na mawazo yote yakaenda kwenye tope. Hapo ndipo alipokumbuka mahabusu.

"Bwana Jela, kesi ya mahabusu iko tayari?"

"Bado, Mheshimiwa. Shahidi hajafika."

"Imeahirishwa," alisema Kifaru, akainuka.

"Imeahirishwaaa!" alipiga mbiu Ngiri.

Mambo yalikuwa hayohayo masika yote.

Katikati ya masika hayo aliletwa Chui. Alikuwa amemla ndama wa Pofu mchana kweupe, watu wanaona. Kabla hajaketi, Nyati akaja, akatikisa pembe zake, akasema, "Namdhamini huyu." Basi. Chui akajinyoosha, akapiga mwayo, akaondoka. Hakuonekana tena Majabali mpaka leo.

Sikudhani alikuwa pale uwanjani, mtoto mgongoni. Aliyaona yote. Alikwenda kumtafuta mwenye pembe.

Alianza na Nyati huyohuyo.

"Nitamdhamini mumeo," alisema Nyati, "kwa sharti binti yako anilimie shamba langu, tangu atakapoweza kushika jembe mpaka atakapozeeka."

Sikudhani alimtazama Siwema, akaaga. Akaenda kwa Swala. Swala alikuwa na haraka, Swala ana haraka siku zote. Akaenda kwa Mbuzi. Mbuzi alisikia neno mahakama akaanza kutetemeka, akafunga mlango. Mee!

Akakaa juu ya jiwe kufikiri. Chini ya jiwe hilo Konokono alikuwa akipita taratibu na nyumba yake mgongoni. Sikudhani akamwangalia kichwani. Akaruka!

"Kaka Konokono! Kumbe una pembe!"

"Hizi? Ndogo, dada."

"Sheria imesema ndogo au kubwa?"

"Haikusema."

"Basi twende!"

Siku ya baraza Sikudhani akampandisha Konokono juu ya kigogo mbele ya Hakimu. "Mheshimiwa, mdhamini wa mume wangu huyu hapa, na pembe zake hizi hapa."

Kifaru akainamisha kichwa chake kikubwa ili aone. Akasogea. Akasogea zaidi. Pua ikatoa pumzi ya moto. Fuuu!

Konokono akaogopa. Pembe zikaingia ndani. Chwip! Kichwa kikafuata. Kikabaki kigamba.

"Naona jiwe," alisema Kifaru.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Fisi alicheka mpaka akakaa chini. "Mdhamini amekimbia bila kuondoka! Hi-hi-hiii!"

"Imeahirishwaaa!" alipiga mbiu Ngiri.

Sikudhani akamchukua Konokono kwa mikono miwili, akamrudisha kwenye majani yake, akamshukuru. Hakumlaumu. Pumzi ile ingemtisha yeyote.

Masika yakaisha, majani yakaanza kukauka. Kila siku Sikudhani alimpikia mumewe, akateremka jabalini na bakuli. Na kila siku Fisi alimngoja mlangoni.

"Lete nikague!"

Kukagua kwake kulikuwa hivi: aliinamia bakuli, akatia mdomo. Nyam! Nyam! Gwii! Kisha alilirudisha likiwa na mabaki ya kumshibisha siafu.

"Salama," alisema. "Mpelekee."

Siku moja Sikudhani alichuchumaa penye ufa akampa mumewe hayo mabaki. Mrisho hakuyagusa.

"Mama Siwema," alisema, "nimefikiri nikubali. Nitasema niliiba. Wakinihukumu nitafagia, mwezi ukiandama nitarudi nyumbani."

"Kwani uliiba?"

"Sikuiba."

"Sasa, Baba Siwema?"

"Sasa nimechoka. Mtoto ameanza kutembea?"

"Ameanza."

Sikudhani akasogea karibu zaidi na ufa, akasema, "Ukikubali leo, kila mtama utakaoibwa Majabali utakuwa umeuiba wewe. Nivumilie kidogo."

Kwenye giza la pango sauti nyingine ikakohoa. Alikuwa Kobe.

"Hata akikubali, binti yangu, nani atampeleka kwa Hakimu? Mimi nimo humu tangu gamba langu likiwa laini. Hata kosa lenyewe nimelisahau. Hujiulizi kwa nini mashahidi hawafiki?"

"Kwa nini, babu?"

"Mfungwa hulishwa majani ya serikali. Sisi mahabusu tunaletewa vyakula na ndugu zetu. Tukihukumiwa, au tukiachiwa, huyo mlangoni atakagua nini?"

Sikudhani akageuza shingo akamtazama Fisi. Alikuwa amelala juani, tumbo limejaa kama ngoma, akijilamba.

"Ahaa," alisema Sikudhani polepole. "Babu, mahabusu wanasikilizwa kwa mpango gani?"

"Aliyetangulia kuingia hutangulia kusikilizwa. Ndiyo sheria. Wa nyuma hasikilizwi mpaka wa mbele amalizwe."

"Baba Siwema," alisema Sikudhani, "utalala na njaa siku chache hizi. Utaniwia radhi?"

"Nimeizoea. Unataka kufanya nini?"

"Nataka kuwa mwongo kwanza. Halafu nitasema kweli."

Kesho yake alikuja na kikapu kilichofunikwa kawa. Fisi akanyanyuka.

"Lete nikague!"

"Ha! Usikiguse, Bwana Jela!" alisema Sikudhani. "Hiki ni chakula cha Hakimu."

Fisi akarudisha mkono kama aliyeshika kaa la moto. "Cha Hakimu? Samahani, bibi. Pita, pita."

Sikudhani akapita, akaenda mpaka penye ufa, akamwaga chakula chote kwenye bakuli la mumewe. Alihakikisha Fisi anaona.

"Aaa!" Fisi akaruka. "Kumbe umenichezea shere! Chakula cha Hakimu ndicho hicho?"

"Leo umelikosa tonge," alisema Sikudhani, akaenda zake.

Siku iliyofuata akaja tena. "Usiguse, Bwana Jela. Chakula cha Hakimu."

Fisi akatazama kushoto, akatazama kulia. Akanusa. Akachota kidogo, akangoja. Mbingu haikuanguka. Akachota tena. Halafu akala kikapu kizima, akacheka hi-hi-hiii.

"Kesho mwambie Hakimu apunguze chumvi!" alisema.

Na siku nyingine hivyohivyo. "Chakula cha Hakimu, Bwana Jela!" Fisi hakungoja hata amalize kusema. Nyam! Ikawa mchezo wake. Akamhadithia Ngiri, naye Ngiri akaja mlangoni makusudi kusikiliza, wakacheka pamoja.

Ilipofika siku ya baraza, Sikudhani hakupika. Alikwenda asubuhi nyumbani kwa Hakimu. Mkewe, Bi Kifaru, alikuwa jikoni akifunga chakula cha mchana cha mumewe: maboga ya kuchemsha, mbaazi za nazi, na tikiti maji la shambani kwao, alilokwisha kulikata vipande.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

"Nashuka uwanjani kwenye kesi ya mume wangu. Nikaona nipite, labda una mzigo wa kubebwa. Nimesikia miguu inakusumbua."

"Ee, miguu hii! Imevimba kama mibuyu. Utapata thawabu. Mpelekee Bwana kikapu hiki, na usichelewe, ana njaa mbaya yule."

Sikudhani akajitwika kikapu. Njia ya kwenda uwanjani ilipita mlangoni pa mahabusu, haikuwa na nyingine. Fisi alikuwapo. Ngiri naye alikuwapo, ameegemea jiwe.

Sikudhani akafika mbele yao. Akasimama. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo:

"Bwana Jela, nakuambia mbele ya Ngiri. Kikapu hiki si cha mume wangu. Ni cha Hakimu Kifaru. Nimekabidhiwa na mkewe jikoni kwake. Tafadhali nipishe."

Fisi na Ngiri wakatazamana. Wakapasuka kwa kicheko.

"Leo umeongeza na mke!" alisema Fisi, akifuta machozi. "Lete nikague!"

"Nimekwambia ni cha Hakimu."

"Na mimi nimekwambia lete!" Akakipokonya. Maboga, nyam! Mbaazi, fyoo! Tikiti, kwachu kwachu kwachu, maji yakimchirizika kidevuni. "Aisee, leo umepika! Ungekuwa unapika hivi kila siku ningekupenda."

"Maliza tu," alisema Sikudhani.

Mchana ukafika. Hakimu Kifaru alimaliza kesi za wakubwa, akapiga mguu chini. Vumbi likatimka.

"Chakula changu kiko wapi?"

Sikudhani akasogea mbele na kikapu kitupu. "Mheshimiwa, Bibi alinikabidhi mimi. Nilipopita mahabusu, Bwana Jela alisema lazima akikague."

"Akague chakula changu?"

"Hukagua kila chakula, Mheshimiwa. Hiki ndicho kinachobaki akishakagua." Akakipindua kikapu. Hakikudondoka kitu.

"Mwongo huyo!" alifoka Fisi. "Sijaona kikapu mimi! Sijala tangu jana!"

"Ngiri," aliita Kifaru. "Ulikuwapo?"

Ngiri akaangalia miguu yake. "Nilikuwapo, Mheshimiwa. Bi Pimbi alisema ni chakula chako. Alisema kwa sauti kubwa."

Kifaru akainuka, akamwendea Fisi, akaweka pua mdomoni pake. Fuu! Fuuu!

"Funua kinywa."

Fisi akafunua kidogo sana.

"Mbaazi," alisema Kifaru. "Maboga. Na hilo ni tikiti la shambani kwangu, nililimwagilia kwa mkono wangu!" Akaingiza pembe chini yake, akamnyanyua, akamrusha. Vuuu! Puuu! Fisi akatua ndani ya pango, jiwe likarudi mahali pake. Gubu!

"Akae humo mpaka kesi yake isikilizwe. Ngiri, utashika mlango."

"Dhamana, Mheshimiwa!" Fisi alilia kwenye ufa. "Niletewe dhamana!"

"Una pembe?"

"Sina!"

"Mdhamini wako anazo?"

Fisi akamwita Nyati. Nyati akatikisa kichwa. "Mimi bado namtafuta Chui," alisema, akaondoka haraka.

Basi Fisi akakaa gizani, kati ya Kobe na Mrisho, mahali penye unyevu. Mkewe akamletea ugali na mchuzi. Alisikia harufu yake tangu mbali, mate yakamjaa. Halafu akasikia mlangoni: nyam! nyam!

"Ngiri! Unafanya nini?"

"Nakagua," alisema Ngiri kwa mdomo uliojaa. "Si wewe uliyenifundisha?"

Ilipofika siku nyingine ya baraza, tumbo la Fisi lilikuwa limeshikana na mgongo. Jiwe liliposukumwa alitoka wa kwanza, mbio, akajitupa chini mbele ya Hakimu.

"Mheshimiwa, kesi yangu! Leo hii! Nakuomba!"

Kifaru akafungua kinywa, lakini Sikudhani alikuwa amekwisha kusimama.

"Mheshimiwa, niruhusu neno moja. Aliyetangulia kuingia hutangulia kusikilizwa. Kobe yuko mbele yake. Mume wangu yuko mbele yake."

"Kweli," alisema Kifaru. "Lakini mashahidi wao hawajafika. Basi na Fisi angoje nao."

"Wamefika!" Fisi alipiga ukelele. "Wote wamefika!"

Masikio ya Kifaru yakasimama.

"Wamefika lini?" aliuliza Kifaru.

"Zamani, Mheshimiwa! Wa Pimbi ni Kwale, anakaa kichaka kile pale! Alikuja tangu masika. Nikamwambia akirudi nitamla. Wa Kobe, alikuja yule... alikufa kwa uzee, lakini alikuja! Waite, Mheshimiwa, tumalize, nakufa njaa!"

Halafu akasikia maneno yake mwenyewe. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Lakini yalikwisha kutoka.

Kwale akatoka kichakani. Akaeleza. Mtama uliliwa na kundi la Tumbili kabla ya mvua, yeye aliwaona wakiondoka na vifurushi. Pimbi alikuja baadaye, akasimama chini ya dungu, hakugusa kitu. Ilikuwa hadithi fupi. Alipoimaliza, kivuli cha kigogo kilikuwa hakijasogea.

"Pimbi huyu hana kosa," alisema Kifaru. "Kobe naye hana mtu wa kumshtaki. Waende."

"Na muda wote waliokaa ndani, Mheshimiwa?" aliuliza Sikudhani.

Kifaru akafikiri. Aliangalia pango kwa macho yake yasiyoona mbali, akaangalia chini.

"Hilo sina la kulirudisha," alisema.

Kesi ya Fisi haikuhitaji shahidi. Alihukumiwa kufagia uwanja, kubeba maji ya wafungwa, na asishike tena mlango wa jela maisha yake yote. Alipoambiwa kwamba mfungwa hulishwa majani ya serikali, aliyala yote akaomba ya pili. Na tangu siku hiyo kesi za mahabusu zilisikilizwa asubuhi, kabla ya za wakubwa. Wengine husema Kifaru alipata haya. Wengine husema aliogopa kukosa tena chakula chake cha mchana. Sheria ya pembe haikufutwa mwaka ule. Ilichukua muda, na wenye pembe walibisha sana.

Sikudhani na Mrisho wakashika njia ya nyumbani. Walipofika jabalini, Mrisho akaweka mguu juu ya mwamba aliouparamia maisha yake yote, akateleza. Akajaribu tena, akateleza. Nyayo za Pimbi hushika jiwe kama gundi, lakini zake zilikuwa zimelainika kwa kukaa bure penye unyevu.

Akasimama, akaona haya mbele ya mkewe.

Sikudhani akamshika mkono. "Polepole, Baba Siwema," alisema. "Leo tutafika hapa tu. Kesho tutaongeza."

Wakakaa kwenye jiwe la chini, juani. Binti yao akateremshwa na jirani. Alimtazama mgeni huyo kwa muda mrefu, kisha akasogea kuketi upande wa mama yake, na Mrisho hakumharakisha.

Hadithi yangu imefika kituoni, wanangu, nanyi shikeni hili: ukimfungia mtu mlango kabla hujamsikiliza, umekwisha kumwadhibu, hata kama kesho utasema hana kosa.